Kuumwa na tandu nyumbani: dalili, chanzo chake na la kufanya

Anayeumwa na tandu hupiga yowe, na ana haki ya kupiga. Lakini ukali wa maumivu si kipimo cha hatari. Tandu mkubwa wa nchi za joto anaweza kumliza mtu mzima usiku kucha, na bado mtu huyo, karibu kila mara, akapona nyumbani kwa maji, sabuni, dawa ya maumivu na subira. Kipimo cha kutegemea ni saa. Sumu ya tandu huwa na nguvu zaidi mwanzoni, kisha hulegea. Dalili inayopungua kadiri muda unavyokwenda inafuata njia yake ya kawaida. Dalili inayozidi, inayosambaa mwilini, au inayozuka upya siku ya pili au ya tatu ina chanzo kingine, na chanzo hicho ndicho cha kutafutwa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kufanya baada ya kuwasha taa ni kutazama saa na kuandika muda.

Dakika za mwanzo

Ondokeni kwanza pale alipo mdudu. Tandu anaweza kuuma zaidi ya mara moja, na mara nyingi bado yumo ndani ya shuka, nguo au kiatu kile kile. Usimshike kwa mkono hata akionekana amekufa, wala usishike kipande chenye kichwa, kwa sababu kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda.

Vua pete, bangili, saa na shanga za mguuni mara moja, kabla uvimbe haujapanda. Pete iliyosahaulika kwenye kidole kinachovimba huleta tatizo jipya ambalo halikuwa na sababu ya kutokea. Kisha osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka.

Usichanje kwa wembe, usinyonye, usifunge kamba juu ya jeraha, usipake mafuta ya taa wala dawa ya meno. Sumu imeshaingia kwenye nyama na hainyonyeki. Kamba huzuia damu kufika kwenye kiungo, na chale za wembe hufungua mlango kwa bakteria. Najua mtu anayelia kwa uchungu hukubali kufanyiwa chochote, na ndiyo maana walio karibu naye wanapaswa kujua mapema.

Midomo inavimba, pumzi inabana, vipele vinatoka mbali na jeraha

Hii naiweka mbele kwa sababu haisubiri msomaji amalize kusoma. Chanzo chake ni mzio mkali, yaani mwili wenyewe unaipokea sumu kwa fujo. Hutokea kwa watu wachache, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi. Dalili zake ni vipele vya kuwasha tumboni au mgongoni wakati aliyeumwa ni mguu, uso au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kupumua kwa mluzi, kutapika, kizunguzungu, kuzirai.

Mpeleke hospitali sasa hivi. Mlaze chali na uinue miguu yake. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mwache akae, lakini usimsimamishe wala kumtembeza. Kama ana sindano yake ya adrenalini aliyoandikiwa na daktari, mchome pajani bila kusita. Kidonge cha mzio pekee hakitoshi hapa, na kosa ninaloliogopa zaidi ni la watu kumpa kidonge kisha kukaa kumtazama. Mtu aliyewahi kupata mzio mkali wa nyuki au nyigu achukuliwe kwa tahadhari ya ziada tangu mwanzo.

Maumivu makali ya kuchoma, yanapwita na kupanda mkono au mguu

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Jozi ya kwanza ya miguu ya tandu imegeuka kuwa kucha mbili zenye mifereji ya sumu, zimekaa chini ya kichwa, nazo ndizo anazotumia kukamata mawindo na kujitetea. Ndiyo maana jeraha lake huwa na matundu mawili madogo yaliyokaribiana. Ile miguu ya nyuma inayofanana na mkia wa kuumia haina sumu. Ndani ya sumu hiyo mna histamini na serotonini, pamoja na protini nyingine zinazochokoza neva za maumivu na kuifanya mishipa midogo ya damu ivuje. Uchungu na uvimbe vinatoka hapo.

Dawa ya nyumbani iliyo bora ni joto au baridi, na unachagua moja. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha barafu, maji ya moto na sindano ya dawa ya maumivu kwa watu walioumwa na tandu, na njia zote tatu zilipunguza maumivu. Kwa hiyo usihangaike kutafuta barafu kama una sufuria na moto, wala kuwasha moto kama barafu ipo.

Mimi hupendelea maji ya moto kwa mkono au mguu wa mtu mzima. Maji yawe ya moto kadiri ngozi inavyovumilia bila kuungua, kama nyuzi 43 hadi 45 za Selsiasi, na kiungo kikae humo dakika 20 hadi 30. Jaribu maji kwa mkono mzima, ule ambao haukuumwa. Ulioumwa unaweza kuwa na ganzi ukakudanganya, na watu huamka asubuhi wakiwa na malengelenge ya moto wanayodhani ni ya sumu. Kwa mtoto mdogo, mzee, au mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, acha maji ya moto kabisa. Tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, kisha pumzisha ngozi kabla ya kurudia.

Pamoja na hayo mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, na kurudia baada ya saa 6 akihitaji, bila kuvuka vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini amwulize mhudumu wa afya kwanza. Mtoto hupewa kwa uzito wake, kama ilivyoandikwa kwenye chupa.

Maumivu makali huchukua saa kadhaa, mengine siku nzima, lakini mwelekeo wake unapaswa kuwa wa kushuka. Kama saa zinapita, dawa imetumika na mtu bado anagaagaa, nenda kituo cha afya. Huko anaweza kuchomwa dawa ya ganzi pale pale kwenye jeraha, na nafuu huja haraka. Hakuna dawa ya kupinga sumu inayouzwa kwa ajili ya tandu kama zilivyo za nyoka, kwa hiyo usikatishwe tamaa ukiambiwa haipo. Haihitajiki.

Kuna matundu mawili, lakini hakuna aliyemwona mdudu

Hapa ndipo watu hupotea, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Matundu mawili huachwa na tandu. Huachwa pia na nyoka. Gizani mtu huhisi kitu kimemuuma, huruka, huwasha taa na kukuta sakafu tupu. Wengi hujituliza kwa kusema "labda ni tandu tu". Swali la kujiuliza ni hili: maumivu yalikuwaje katika dakika ya kwanza? Tandu huuma kwa uchungu mkali papo hapo. Matundu mawili yasiyo na uchungu wowote wa maana yanatisha zaidi kuliko yenye uchungu, kwa sababu wako nyoka wenye sumu ya neva, mfano krait wa Asia, wanaouma watu waliolala sakafuni, na mtu akahisi kitu kidogo tu kisha akarudi usingizini.

Lakini uchungu peke yake hauondoi shaka ya nyoka, maana wako nyoka ambao sumu yao huuma na kuvimbisha vibaya sana. Angalia mambo haya: kope kulegea na kushindwa kufunguka, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, shida ya kumeza, fizi au jeraha kutoka damu bila kukoma, uvimbe unaopanda kwa kasi kutoka kifundo hadi goti, kutapika kunakorudia. Moja tu kati ya haya linatosha. Mlaze, kiungo kisitikisike, na safari ianze. Hata bila dalili hizo, aliyeumwa gizani na kitu asichokiona, mwenye matundu mawili, akakae kituo cha afya aangaliwe. Kupoteza usiku mmoja kwenye benchi la zahanati ni jambo dogo. Katika hali hii ya shaka usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwani huongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamoli inafaa.

Mdudu mwingine wa kufikiriwa ni nge. Nge huacha tundu moja, na mara nyingi ganzi na hisia ya kuchomwachomwa hupanda kiungo kizima. Mtoto anayetoa jasho jingi, mate mengi, macho yanayozunguka au mwili unaotikisika baada ya kuumwa anahitaji hospitali bila kuchelewa, hata kama mmeamua kwamba alikuwa tandu. Nyuki huacha mwiba wake kwenye ngozi, na nyigu hauachi.

Viko pia vitu viwili ambavyo tandu husingiziwa. Cha kwanza ni mstari mwekundu wenye malengelenge kama ngozi iliyoungua, unaoonekana siku moja au mbili baadaye bila mtu kukumbuka kuumwa. Huyo kwa kawaida ni mdudu mdogo mwekundu na mweusi aliyepondwa juu ya ngozi, na maji yake ndiyo yanayounguza. Cha pili ni doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni. Hilo ni la jongoo. Jongoo hana meno ya sumu. Ni mviringo, mwendo wake wa polepole, hujikunja akiguswa, na ana jozi mbili za miguu kwa karibu kila pingili. Tandu ni bapa, ana kasi, na ana jozi moja kwa kila pingili. Doa la jongoo osha tu, ila likiingia jichoni suuza kwa maji mengi na umwone daktari.

Uvimbe, wekundu na mitoki

Katika siku ya kwanza haya yote ni kazi ya sumu yenyewe. Mguu ulioumwa unaweza kuvimba hadi kiatu kisiingie, na mtoki ukajitokeza kinenani, au kwapani kama ni mkono ulioumwa. Inua kiungo juu ya mto, endelea na baridi au joto, na uvimbe utaanza kushuka ndani ya siku moja au mbili. Antibiotiki hazina kazi hapa. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi hukimbilia kununua vidonge hivyo saa ile ile, wakati jeraha halina maambukizi yoyote.

Chukua kalamu uchore mstari kuzunguka ukingo wa wekundu, uandike saa pembeni yake. Ni kazi ya nusu dakika, na asubuhi itakuondolea ubishi wote wa "umeongezeka" na "haujaongezeka".

Ganzi kuzunguka matundu ni ya kawaida pia, na huisha polepole. Ngozi ya pale penye matundu inaweza kugeuka nyeusi na kubanduka kidogo. Weusi huo ukitanuka, au kidole kikawa baridi na cha kijivu, hayo si ya kusubiri.

Siku ya pili au ya tatu jeraha linaanza upya

Jana lilikuwa linapoa. Leo linauma tena, lina joto, wekundu umevuka mstari wa kalamu, usaha unatoka, au kuna mstari mwekundu unaopanda kuelekea kwapani au kinenani. Homa inakuja. Chanzo sasa ni bakteria walioingia kupitia matundu yale, au kupitia kucha za mtu aliyekuwa anajikuna. Hapa antibiotiki ndiyo dawa, na zinatoka kwa mhudumu wa afya aliyeliona jeraha. Mwenye kisukari asisubiri hata homa.

Kwenye safari hiyo hiyo uliza kuhusu pepopunda. Tandu hutoka kwenye udongo na majani yanayooza, na kila tundu kwenye ngozi ni njia. Kama chanjo yako ya mwisho ina zaidi ya miaka 10, au hukumbuki kabisa, omba uchomwe. Kwa jeraha lililoingia uchafu, miaka 5 ndiyo mpaka.

Kuwasha kunakokuja baada ya siku kadhaa ni jambo jingine kabisa. Ngozi inawasha hata wiki nzima, pengine na uvimbe mdogo ukirudi. Kidonge cha mzio na kitambaa baridi vinatosha. Kata kucha za mtoto. Kinachotenganisha kuwasha na maambukizi ni maumivu, joto na usaha.

Mkojo wa rangi ya kahawia nzito

Ni nadra, lakini imewahi kuripotiwa na madaktari: misuli inavunjika na mabaki yake yanazisumbua figo. Maumivu ya kifua baada ya kuumwa yamewahi kuripotiwa vilevile. Kwa yote mawili nenda hospitali, na useme wazi kwamba mtu aliumwa na tandu, saa ngapi, na wapi mwilini.

Mtoto mchanga, jicho, sikio na paka

Mtoto asiyejua kusema hulia ghafla kwa sauti isiyo ya njaa. Mvue nguo zote, tazama katikati ya vidole, mikunjo ya shingo na ndani ya nepi. Sumu ile ile kwenye mwili mdogo ni nyingi zaidi, kwa hiyo mtoto mdogo apelekwe kuangaliwa hata akionekana ametulia, hasa akiumwa kichwani, usoni au shingoni. Jeraha la jichoni au ndani ya mdomo huenda hospitali kwa umri wowote.

Tandu akiingia sikioni, usichokoe. Ukichokoa ataumia, atauma, na atazidi kwenda ndani. Mlaze mtu kwa upande, mtulize, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu.

Paka na mbwa huumwa puani na kwenye nyayo kwa sababu ya kuwinda. Osha, weka kitambaa baridi, tazama pumzi. Usimpe paka parasetamoli, kwani hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Unaua mmoja, kesho unakuta mwingine

Tatizo hapa liko kwenye nyumba. Mwili wa tandu hupoteza maji kwa urahisi, na akikaa mahali pakavu hufa. Anachotafuta kwako ni unyevu na chakula, na chakula chake ni mende, nyenje, buibui na mijusi midogo. Nyumba yenye mende wengi na bafu lisilokauka imempa vyote viwili.

Ukiwaona bafuni, chunguza tundu la maji sakafuni na bomba linalovuja chini ya sinki. Weka kichujio chenye matundu madogo, na ukaushe sakafu kabla ya kulala. Tandu aliyekwama ndani ya sinki au beseni hakuotea humo. Aliteleza akashindwa kupanda ukuta laini.

Ukiwaona baada ya mvua kubwa, maji yamewafukuza kwenye mashimo yao. Wanapita chini ya mlango. Zima taa ya ndani, washa ya nje, tazama mwanga unapoingia: penye mwanga ndipo penye njia yake. Mpira wa kuziba chini ya mlango ndio kifaa kimoja ninachokisisitiza kuliko dawa yoyote. Kuni, matofali, vyungu vya maua na majani makavu visogezwe mbali na ukuta wa nyumba.

Ukiwakuta kitandani, sogeza kitanda kisiguse ukuta, inua shuka zisiburute sakafuni, na uchomeke chandarua chini ya godoro pande zote. Anayelala kwenye mkeka afanye vivyo hivyo. Tandu hupenda kubanwa juu na chini kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu huingia kwenye mikunjo ya taulo, ndani ya viatu na chini ya mto. Kung'uta vitu hivyo kabla ya kuvivaa au kuvilalia.

Akikutembelea mwilini, usimpige kofi. Huuma anapobanwa. Mpanguse haraka kwa kitu kingine, kitambaa kinene au kipande cha karatasi ngumu, kisha msogelee ukiwa umevaa viatu. Ukiwa na bakuli la kioo, mfunike, ingiza karatasi ngumu chini yake na umtoe nje mbali na nyumba.

Dawa ya kupuliza humuua polepole, na kabla ya kufa hukimbia ovyo, mara nyingi kuelekea kitandani. Usiipulize kwenye godoro wala chumba anamolala mtoto. Nguvu hiyo ielekeze kwa mende: funika chakula, toa takataka kila jioni, ziba nyufa za jikoni, weka chambo cha mende nyuma ya makabati. Wakipungua mende, tandu hukosa cha kuwinda ndani, na idadi yake hushuka katika wiki chache bila kumpulizia yeye mwenyewe chochote.